Spika za milangoni zinanong'ona: shajara ya matengenezo

6 Aprili 2024: Hali kabla ya kufungua chochote

Gari lina milango minne na spika nne: mbili za inchi 6.5 kwenye milango ya mbele, mbili nyuma. Redio si ya kiwandani, ilifungwa na mwenye gari aliyetangulia. Tatizo ni la mbele. Kitufe cha sauti kinaishia 40, na lazima nifike 28 ndipo mtangazaji asikike gari likiwa kwenye mwendo. Hata hapo, ngoma na gitaa la besi hayapo. Mlango wa kulia ni hoi zaidi kuliko wa kushoto.

Hakuna mkwaruzo, hakuna kukatikakatika. Hilo lenyewe ni fununu. Koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) iliyoungua hukwaruza au hunyamaza kabisa, haififii kwa adabu namna hii. Kwa hiyo sikubaliani na ushauri unaotolewa haraka kila mahali, kwamba "spika zimechoka, weka mpya". Naandika hatua kwa hatua ili mwenye tatizo kama hili aanzie pale nilipoishia.

Nimeanza na visivyogharimu. Mizani ya kushoto na kulia iko katikati, ya mbele na nyuma pia. Wimbo mmoja nimeupiga kutoka simu kwa Bluetooth, kisha kutoka flashi. Simu ilikuwa chini kidogo hadi nilipopandisha sauti ya simu yenyewe, lakini flashi nayo ikatoa udhaifu uleule milangoni. Chanzo cha muziki hakihusiki.

Ndani ya menyu ya redio nimekuta kichujio kilichoandikwa HPF kimewekwa 125 Hz kwa spika za mbele. Kazi yake ni kuzuia masafa ya chini yasifike kwenye spika, na kinafaa pale ambapo gari lina sabufa, spika kubwa ya besi, ya kubeba hayo masafa. Hapa hakuna sabufa. Nimekizima. Besi kidogo imerudi mlango wa kushoto, kulia bado vilevile. Ukiwa na redio ya aina hii, pita kwenye menyu hiyo kwanza kabla ya kushika bisibisi.

7 Aprili: Redio au mlango?

Swali la leo lilikuwa moja: je, redio inatoa nguvu ya kutosha kwenye matawi ya mbele? Kusukuma sauti yote nyuma hakutoshi kujibu, kwa sababu ndani ya redio kila spika ina tawi lake, na tawi la mbele linaweza kufa huku la nyuma likiwa zima.

Nimechomoa redio na kubadilishana nyaya. Kwenye redio nyingi za dukani rangi zinafuata utaratibu uleule: nyeupe ni mbele kushoto, kijivu ni mbele kulia, kijani ni nyuma kushoto, zambarau ni nyuma kulia, na waya hasi una rangi ileile pamoja na mstari mweusi. Nimepeleka kijani na zambarau kwenye milango ya mbele, na nyeupe na kijivu nyuma.

Matokeo hayakuwa na utata. Spika za nyuma zimebaki na nguvu zikiwa kwenye matawi ya mbele. Spika za mbele zimebaki dhaifu zikiwa kwenye matawi ya nyuma. Redio imetoka kwenye orodha ya washukiwa. Kosa liko kati ya mgongo wa redio na koni ya spika, ile sehemu inayosukuma hewa.

Onyo kwa atakayerudia zoezi hili: usiunganishe waya hasi wa spika na bodi ya gari. Kwenye redio hizi waya zote mbili za spika zinasukumwa kwa zamu, na kila mmoja unakaa karibu na nusu ya volti za betri. Ukipima kutoka waya wa spika hadi bodi utaona kama volti 6 au 7 za mkondo mnyoofu (DC), na hiyo ni kawaida. Ukiugusisha kwenye bodi kwa dhana kwamba "hasi ni hasi", unaweza kuua amplifaya ya ndani.

Gharama hadi hapa: muda tu.

13 Aprili: Kufungua milango

Kufungua kava la mlango ni kazi inayojulikana, siiandiki yote. Skrubu zilizojificha zilikuwa mbili: moja chini ya kifuniko kidogo nyuma ya mkono wa kufungulia, nyingine ndani ya shimo la kuvutia mlango. Kisha unavuta kuanzia chini. Tumia kipande cha plastiki kubandulia, si bisibisi. Klipu zilizozeeka zinavunjika hata ukiwa mpole, kwa hiyo nunua pakiti ya klipu kabla ya kuanza.

Kitu kimoja si cha kupuuza. Mlango wenye kihisi cha ajali au mfuko wa hewa mara nyingi una plagi za rangi ya njano. Chomoa betri ya gari, subiri dakika kadhaa, na usizipime plagi hizo kwa mita. Baadhi ya magari yana kihisi kinachosoma shinikizo la hewa ndani ya mlango, na kwa hayo ile nailoni au ukuta wa plastiki nyuma ya kava lazima urudi mzima kama ulivyokuwa.

Vipimo vya kizuizi cha umeme, spika zikiwa zimechomolewa: kushoto omu 3.4, kulia omu 3.6. Spika iliyoandikwa omu 4 husoma chini kidogo ya hapo kwa mita ya kawaida, kwa sababu mita inapima waya wa koili pekee. Ingesoma omu 1 au kizuizi kisicho na kikomo, ningesema imekufa.

Nimegusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha za kila spika. Zote zimetoa "tup" ya haraka na koni imeruka nje. Nikasukuma koni kwa vidole viwili, pande mbili kwa usawa, na sikio karibu. Hakuna msuguano wa koili. Ukingo wa raba haujapasuka, karatasi haijaoza. Ni spika za kiwandani, za karatasi, sura mbaya, lakini hai.

14 Aprili: Jaribio la spika mpya (halikusaidia)

Hata hivyo nilikuwa na jozi mpya kabisa kabatini, za njia tatu (spika tatu ndani ya moja), boksi limeandikwa wati 300 kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Zimeingia kwenye matundu yaleyale. Nimeshusha kioo hadi mwisho kabla ya kukaza skrubu ili kuhakikisha sumaku haikigusi. Sumaku nene kuliko ya kiwandani ndiyo huvunja mashine ya kioo.

Sauti imeshuka. Si kwa kuhisi tu, imebidi nipandishe kitufe hatua kadhaa kufikia kiwango kilekile cha jana.

Sababu iko kwenye karatasi ya maelezo, mstari ambao hakuna anayeusoma dukani. Wati 300 ni mzigo ambao spika inadai itaustahimili kwa kitambo kifupi. Haisemi lolote kuhusu sauti itakayotoa. Kinachosema hilo ni unyeti, yaani desibeli ngapi spika inatoa kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Hizi zimeandikwa 87. Spika yenye 90 ingetoa sauti ileile kwa nusu ya umeme, kwa kuwa kila desibeli 3 zinadai nguvu mara mbili. Koni nzito na raba ngumu zinapendeza kwenye amplifaya kubwa. Kwenye redio zinalala.

Na redio yenyewe haina nguvu inayotajwa usoni. "50W x 4" ni hesabu ya kilele. Gari likiwa limewashwa betri inafika kama volti 14.4. Hata amplifaya ikitumia volti hizo zote bila kupoteza hata kidogo, wimbi safi kwenye omu 4 haliwezi kuzidi wati 26 hivi, na likitoka kwenye saketi halisi huwa chini ya hapo. Wati 50 hapo hazipo, labda kwa wimbi lililokatwakatwa.

Nimerudisha spika za karatasi. Aliyenunua spika mpya kwa tatizo kama langu angekuwa ametumia pesa nyingi kuliko zote za mradi huu kupata sauti ndogo zaidi.

20 Aprili: Kufuatilia volti zinakopotelea

Siku yenye faida kuliko zote, na kifaa kilikuwa mita ya bei ya chini kabisa.

Nimetengeneza faili la sauti moja iliyonyooka ya 100 Hz na kuliweka kwenye flashi. Masafa ya chini yamechaguliwa kwa makusudi, kwa sababu mita za bei nafuu zinasoma volti za mkondo geu (AC) vizuri karibu na masafa ya umeme wa nyumbani, ila ukizipa 1,000 Hz nyingi zinaanza kubahatisha. Kitufe nimekiweka mahali pamoja na sijakigusa tena. Nimepima kati ya chanya na hasi ya kila spika.

Mara ya kwanza nilipima spika zikiwa zimechomolewa, na mita ikaonyesha volti 4.0 mgongoni mwa redio na volti 4.0 mlangoni, kushoto na kulia. Yaani nyaya zote nzima! Ni uongo mtupu. Bila spika hakuna mkondo unaopita, na bila mkondo hata waya ulioshikiliwa na uzi mmoja unapitisha volti zote. Pima spika ikiwa imeunganishwa na inapiga.

Spika zikiwa mahali pake:

Mgongoni mwa redio: 4.0 pande zote.
Kwenye spika ya kushoto: 3.7.
Kwenye spika ya kulia: 2.5.

Hapo ndipo sauti ya kulia ilipokwenda. Kutoka volti 4.0 hadi 2.5, nguvu inayofika ni kama asilimia 39, desibeli 4 zimepotea njiani. Ukichukulia spika kuwa omu 4, kuna kizuizi cha karibu omu 2.4 mahali fulani kwenye waya. Kizuizi hicho kinakula umeme na kuugeuza joto, na hakuna spika duniani itakayokitibu.

Nimefuata njia nikirudi nyuma kuelekea redio. Kwenye plagi iliyo ndani ya mlango: 2.6. Kwenye upande wa ndani ya gari, kabla ya lile bomba la raba linalopitisha nyaya kati ya nguzo na mlango: 3.9. Kosa liko ndani ya bomba la raba, sehemu inayopindwa kila mlango unapofunguliwa.

Nimelibandua. Kwa macho nyaya zote zilikuwa safi, ganda halina hata mchubuko. Nikaanza kuvuta mmoja mmoja kwa vidole. Waya hasi wa spika ulinyumbuka. Ganda likawa jembamba katikati na kurefuka bila kukatika. Waya wenye shaba haunyumbuki. Nikachana ganda kwa wembe: ndani kulikuwa na nyuzi tatu au nne zilizoshikana, nyingine zote zimekatika na ncha zake zimekuwa unga wa kijani.

21 Aprili: Kiungo kilichoshindwa na kiungo kilichodumu

Njia ya haraka nimeijaribu ili niandike matokeo yake: kukata sehemu mbovu, kuunga kwa risasi palepale, kuvisha mrija wa kusinyaa kwa joto, na kurudisha ndani ya bomba. Volti zikapanda hadi 3.8. Nikafungua na kufunga mlango mara nyingi huku 100 Hz inalia. Baada ya muda sauti ikaanza kutetereka mlango ukiwa nusu wazi.

Risasi ikipanda ndani ya nyuzi inaufanya waya kuwa mgumu kama sindano, na mpindo wote unahamia pale risasi inapoishia. Kiungo chochote ndani ya bomba lile kitakatika tena, kiwe cha risasi au cha kusokota na tepu.

Suluhisho ni kupitisha kipande kipya kirefu, ili viungo vikae nje ya sehemu inayopinda: kimoja ndani ya gari nyuma ya kava la miguuni, kingine ndani kabisa ya mlango. Nimefunga waya mpya kwenye mkia wa waya wa zamani, nikapaka maji ya sabuni, nikavuta polepole. Milango mingine haina bomba la wazi bali plagi ngumu kwenye nguzo; hiyo inahitaji pini yake, na usitoboe bodi kando yake kwa sababu maji yatafuata tundu.

Kuhusu unene, nimetumia waya wa milimita mraba 1.5 kwa kuwa ndio niliokuwa nao. Wa 0.75 ungetosha. Kwa mita 4 kwenda na 4 kurudi, shaba ya 1.5 ina kizuizi cha karibu omu 0.09, ya 0.75 karibu omu 0.19. Tofauti hiyo sikio haliioni. Kinachotakiwa ni waya wenye nyuzi nyingi nyembamba, unaopinda bila kulalamika.

Sasa kulia inasoma 3.8, kushoto 3.7. Nimebadilisha kipande cha kushoto pia kwa kuwa umri wake ni uleule.

Gharama: mita chache za waya na mirija. Ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye shajara hii.

21 Aprili, usiku: Besi imetoweka

Nimemaliza, nikawasha wimbo, na besi ilikuwa *imepungua* kuliko asubuhi. Spika zote mbili zina nguvu, sauti za waimbaji ziko juu, lakini katikati pamekuwa na uwazi, kana kwamba muziki unatoka nje ya gari.

Ukisukuma mizani kushoto kabisa: besi ipo. Kulia kabisa: besi ipo. Katikati: inapotea. Mwenye dalili hiyo asihangaike kupima kitu kingine chochote, spika moja inasukuma hewa huku nyingine inavuta. Wimbi la 100 Hz lina urefu wa karibu mita 3.4, kwa hiyo ndani ya gari milango yote miwili iko ndani ya wimbi moja, na misukumo inayopingana inafutana. Masafa ya juu yana mawimbi mafupi, hayafutani kwa pamoja, ndiyo maana sauti za watu zilibaki.

Kosa hili lilikuwepo siku zote. Wakati spika ya kulia ilikuwa dhaifu haikuwa na nguvu ya kumfuta mwenzake vizuri. Nilipoiponya ikafanya kazi yake ya kufuta kikamilifu.

Uthibitisho: redio imechomolewa kabisa, betri ya volti 1.5 imegusishwa kwenye nyaya za mgongoni mwa redio, chanya kwa chanya, huku naangalia koni. Kushoto ikaruka nje. Kulia ikaingia ndani. Aliyefunga redio alikuwa amegeuza nyaya mbili za kijivu kwenye kiungio cha plagi. Nimezigeuza palepale, si mlangoni, ili atakayefungua mlango baadaye akute rangi zinazolingana na alama za spika.

Betri iguse kwa sekunde moja tu. Na usilifanye jambo hili redio ikiwa imeunganishwa.

27 Aprili: Hewa inayovuja

Umeme sasa unafika. Kabla ya kuendelea nimerudia kipimo cha kulinganisha: programu ya simu ya kupima desibeli, simu ikiwa imefungwa kwenye kichwa cha kiti cha dereva, madirisha yamefungwa, 100 Hz, kitufe mahali palepale. Namba za simu haziaminiki kama ukweli kamili, lakini simu ileile mahali palepale inatosha kuonyesha tofauti. Tarehe 20, kabla ya kubadilisha waya, ilisoma 71. Leo inasoma 80.

Bado ngoma zinasikika nyepesi, na sababu inaonekana kwa macho. Spika imefungwa kwenye bangili ya plastiki, bangili kwenye bati la mlango. Sponji iliyokuwa kati yake imekuwa vumbi, na kidole changu kidogo kinaingia kwenye mwanya wa upande wa chini. Juu ya spika, bati lina matundu makubwa ya kufikia mashine ya kioo, na nailoni iliyoyafunika imechanika.

Koni inaposukuma hewa mbele, upande wake wa nyuma unanyonya hewa ileile. Pakiwa na mwanya, hewa inazunguka ukingoni na besi inakufa kabla ya kufika kitini. Asiyeamini afanye hivi: ashike spika mkononi ikiwa inapiga kwa sauti ndogo, kisha aibane kwenye tundu lililokatwa katikati ya kipande kikubwa cha kadibodi. Besi inatokea papo hapo, bila wati hata moja kuongezwa.

Nimekata pete za sponji yenye vijishimo vilivyofungwa, isiyonyonya maji, nikaziweka pande zote mbili za bangili. Pete nyingine nene imekwenda mbele ya spika, inagusa kava la mlango, ili sauti itoke kwenye wavu badala ya kupotelea kati ya kava na bati. Watu wengi wanaacha pete hiyo ya mbele, na wavu wa mlango wangu uko mbali na koni kiasi cha kupoteza sauti nyingi.

Bangili za mbao za kusagwa zinapendwa kwa kuwa ni rahisi kukata. Mlangoni sizipendi. Maji huingia kila mvua ikinyesha kwenye kioo, ndivyo mlango ulivyoundwa, na mbao hizo hunywa maji na kuvimba. Plastiki ngumu haina shida hiyo.

Matundu ya bati nimeyaziba kwa tepu ya lami ya kuzibia mapaa, kwa kuwa ni nafuu.

4 Mei: Tepu ya lami imetoka

Gari lilikaa juani mchana kutwa. Jioni ndani kunanuka lami, na nilipofungua kava tepu imeteleza chini kama sentimita mbili, ikaacha michirizi myeusi kwenye bati na kwenye fito ya kufuli. Kuisafisha kumechukua muda mrefu kuliko kazi yote ya nyaya: mafuta ya taa kwanza, kisha spiriti, na matambara ya kutupa.

Badala yake nimeweka karatasi za butili, aina ya raba inayonata, zenye uso wa alumini. Ni za bei ya juu, na kwa kweli ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya gharama za mradi, lakini hazitelezi kwenye joto. Pakiti moja imetosha milango miwili kwa sababu sikufunika kila inchi: kipande kwenye bati la nje nyuma ya spika, na vipande vya kuziba matundu makubwa. Bati lisafishwe kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, na karatasi ibanwe kwa rola ndogo hadi mapovu yaishe. Ukibana kwa kiganja tu, kona zitainuka.

Mahali ambapo kuna nyaya au fito za mashine nyuma, kipande kiwekwe ili kiweze kufunguliwa tena. Siku mashine ya kioo ikiharibika utajishukuru. Na matundu madogo yaliyo chini kabisa ya mlango yasizibwe. Hayo ndiyo mfereji wa maji ya mvua. Mlango usiotoa maji unaoza kutoka ndani.

Kipimo cha simu: 84. Kitufe sasa kiko 16 kwa sauti niliyokuwa naipata kwenye 28.

5 Mei: Twita ya kulia, na milio

Pembetatu ya kioo cha pembeni ina twita ndogo, yaani spika ya sauti za juu. Ya kulia ilikuwa kimya, jambo ambalo halikujulikana hadi kelele za matatizo makubwa zilipoisha. Kapasita iliyounganishwa kwa mfululizo nayo, ile inayozuia sauti za chini zisiifikie, ilikuwa na mguu uliovunjika. Imeandikwa 4.7, yaani maikrofaradi, isiyo na chanya wala hasi. Kwa twita ya omu 4 thamani hiyo inaanza kupitisha sauti karibu na 8,500 Hz. Nimeweka nyingine ya thamani ileile na aina ileile. Usiweke kubwa zaidi ukidhani itaongeza sauti: maikrofaradi 10 inashusha mpaka hadi karibu 4,000 Hz na twita ndogo hivyo itachoka mapema.

Kisha milio. Besi iliyorudi imeamsha kila kitu kilicholegea mlangoni. Nimepiga sauti inayopanda polepole kutoka 40 hadi 200 Hz huku nabana kava kwa kiganja sehemu mbalimbali. Mlio unapokoma chini ya kiganja, hapo ndipo penye kosa. Fito ya kufuli ilikuwa inagonga bati, nimeizungushia tepu ya kitambaa. Plagi ya swichi za madirisha ilikuwa inaning'inia, nimeifunga na sponji. Klipu zilizovunjika zimebadilishwa zote.

11 Mei: Spika mpya tena, kwa haki

Kwa kuwa zile za njia tatu zilijaribiwa kwenye mlango mbovu, haikuwa haki kuzihukumu. Nimezirudisha kwenye mlango uliozibwa, waya mpya, mwelekeo sahihi. Simu inasoma 81, tatu chini ya zile za karatasi. Sauti za juu ni safi zaidi, hilo nakiri, na kwa mwenye amplifaya ya wati 50 za kweli kwa kila upande zingekuwa chaguo zuri.

Mimi sina amplifaya, na kwa sauti niliyonayo sasa sioni sababu ya kupitisha waya mnene na fyuzi kutoka kwenye betri. Za karatasi zimerudi, zile mpya zimerudi kabatini.

25 Mei: Baada ya mvua

Mvua imenyesha kwa nguvu. Nimefungua kava la kulia kuangalia: butili imeshika, viungo vya waya vikavu, maji yanatoka chini ya mlango kama inavyotakiwa. Sponji ya chini ya bangili ina unyevu usoni lakini haijanywa maji ndani. Volti kulia bado 3.8 baada ya mlango kufunguliwa na kufungwa kila siku.

Lililobaki ni mlio mmoja mlango wa kushoto karibu na 63 Hz, unaotoka kwenye mfuko wa kava na unaokoma ukiweka chupa ya maji ndani yake. Nimeshanunua ukanda wa sponji ya kubandika. Utaingia nitakapofungua kava hilo kubadilisha swichi ya dirisha.